PS5 au Kompyuta ya Gemu: Ulinganisho wa Picha na Gharama kwa Mnunuzi wa Afrika Mashariki

Mnunuzi anayeingia dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, akiulizia mashine ya gemu hukutana kwanza na tarakimu: terafulopu 10.28 (trilioni za hesabu kwa sekunde) za PlayStation 5 (PS5), terafulopu 12 za Xbox Series X, gigabaiti 8 za kadi fulani ya picha, hezi 144 (idadi ya picha kwa sekunde) za monita iliyowekwa pembeni. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini hazimwambii atakachokiona akifika nyumbani na kuchomeka waya wa HDMI kwenye televisheni yake. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia kwenye skrini, kisha unaingia kwenye mashine zenyewe, halafu unazigusa gharama ambazo hazimo kwenye risiti ya siku ya kwanza: gemu, bando, umeme na fundi. Msimamo wangu niuseme mapema. Mwenye bajeti inayolingana na bei ya konsoli moja, yaani mashine ya gemu kama PS5 au Xbox, na ambaye tayari ana televisheni, atapata kwa konsoli picha nzuri kuliko kwa kompyuta yoyote mpya ya bei hiyo. Kompyuta huanza kushinda bajeti inapokaribia maradufu, au pale mnunuzi anapoihitaji kwa kazi nyingine hata kama gemu zisingekuwepo.

Skrini kwanza

Ubora wa picha ya gemu hutegemea zaidi mambo mawili, ambayo ni wingi wa pikseli (vidoti vinavyounda picha) na idadi ya fremu, yaani picha nzima, zinazochorwa kila sekunde. Skrini ya 1080p ina pikseli zipatazo milioni 2.07, ya 1440p ina milioni 3.69, na ya 4K ina milioni 8.29, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza. Mashine inayochora fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 tu za kukamilisha kila fremu. Ikishuka hadi fremu 30, kila fremu huchukua milisekunde 33.3, na mchezaji huanza kuhisi kwamba padi inachelewa kumtii. Kadi ya picha hubeba mizigo yote miwili kwa pamoja, na ukiongeza mmoja bila kuongeza nguvu ya kadi, ni lazima mwingine upungue.

Televisheni nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwa jina la HD zina pikseli 1366 kwa 768, ambazo zikijumlishwa hazizidi sana milioni moja. Mtu anayeunganisha PS5 kwenye televisheni ya namna hiyo amelipia injini iliyokusudiwa skrini ya 4K, naye anaitazama kupitia tundu la ufunguo. Hapotezi kila kitu, kwa maana fremu zitabaki tulivu na gemu zitafunguka haraka, lakini fedha nyingi alizotoa hazitaonekana machoni. Mtu huyo angetosheka na Xbox Series S, konsoli ndogo yenye terafulopu 4 iliyoingia sokoni kwa dola 299, au angenunua mashine ya chini kidogo na kuitia tofauti ya bei kwenye televisheni bora. Jambo hilohilo humhusu anayejenga kompyuta: kadi ya kuchora fremu 144 kwa sekunde inapowekwa mbele ya monita ya hezi 60, fremu 84 za ziada hazina pa kuonyeshwa.

Ndani ya mashine

PS5 ilizinduliwa Novemba 2020 kwa dola 499 kwa toleo la diski na dola 399 kwa toleo lisilo na diski. Ndani yake mna chipu moja iliyobuniwa na AMD, yenye kichakataji cha kokwa 8 za kizazi cha Zen 2 na sehemu ya picha ya kizazi cha RDNA 2, pamoja na gigabaiti 16 za kumbukumbu ya GDDR6 ambazo kichakataji na sehemu ya picha hugawana, na SSD (hifadhi ya haraka ya gemu) inayosoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Xbox Series X, iliyotoka mwezi huohuo kwa dola 499, ina kichakataji cha ukoo uleule na terafulopu nyingi zaidi, lakini gemu nyingi zinazotoka kwa konsoli zote mbili hufanana kiasi kwamba mtu asiyepima fremu kwa vifaa hawezi kuzitofautisha. Terafulopu husaidia kulinganisha kadi mbili za ukoo mmoja. Zikitumiwa kulinganisha kadi za koo mbalimbali hupotosha, kwa kuwa kila ukoo una namna yake ya kuzigeuza hesabu hizo kuwa fremu.

Kwa upande wa kompyuta, ndugu wa karibu wa PS5 ni kadi ya AMD Radeon RX 6700, ambayo ina vitengo 36 vya kukokotoa sawa na PS5 na gigabaiti 10 za kumbukumbu yake yenyewe. Kwa Nvidia, mshindani wa AMD, GeForce RTX 4060, iliyotoka Juni 2023 kwa dola 299, ndiyo inayotajwa zaidi katika daraja hilo, kisha ikafuatwa na RTX 5060 mwaka 2025 kwa bei hiyohiyo. Kadi hizi hulingana na PS5 au huizidi kidogo katika gemu nyingi, isipokuwa pale gigabaiti 8 zinapokuwa finyu. Mfano ambao wachezaji wa kompyuta hawajausahau ni toleo la kompyuta la The Last of Us Part I, lililotoka Machi 2023. Kadi za gigabaiti 8 zilielemewa, sura za vitu zikawa na ukungu, na gemu ikatumia muda mrefu kutayarisha programu za kuchora vivuli na mwanga kabla ya mtu kucheza hata dakika moja. Marekebisho yalikuja baadaye, lakini somo lilibaki, kwamba gemu iliyoundwa kwa kumbukumbu kubwa ya pamoja ya konsoli haikai kwa urahisi kwenye kadi yenye kumbukumbu ndogo. Kwa anayenunua kadi mpya leo nasema bila kusitasita kwamba gigabaiti 12 au 16 ndizo za kutafuta, hata ikibidi kushuka daraja moja la kasi. Radeon RX 9060 XT ya gigabaiti 16, iliyotoka Juni 2025 kwa dola 349, ilipita toleo lake la gigabaiti 8 kwa dola 50 tu.

Konsoli ina faida nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Kwa kuwa kila PS5 ina chipu ileile, mtengenezaji wa gemu hutayarisha programu za kuchora vivuli na mwanga mapema, akazipeleka zikiwa tayari. Kwenye kompyuta, ambako kuna kadi za aina nyingi na programu endeshi za matoleo tofauti, kazi hiyo hufanyika kwenye mashine ya mchezaji mwenyewe, na isipofanyika mapema, picha hukwama kwa sehemu ya sekunde kila kitu kipya kinapotokea. Kukwama huko ndiko kunakomfanya mtu mwenye kompyuta ya bei kubwa kulalamika huku jirani yake mwenye konsoli akiendelea kucheza.

Hata hivyo konsoli hulipia utulivu wake. Katika Cyberpunk 2077 kwenye PS5, mchezaji huchagua kati ya hali ya fremu 60 na hali ya ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing) inayokwenda kwa fremu 30, na hana uwezo wa kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu. Katika hali ya kasi, pikseli zinazochorwa hupungua na kuongezeka kulingana na uzito wa tukio lililopo, kisha picha hukuzwa ili ijaze skrini ya 4K. Kwa hiyo neno «4K» kwenye boksi la konsoli hueleza ishara inayotoka kwenye waya, wala si lazima lieleze picha iliyochorwa. Kompyuta yenye kadi ya RTX inaweza kuendesha gemu hiyohiyo kwa ufuatiliaji kamili wa miale, hali iliyoongezwa Aprili 2023, ambapo mwanga unaogonga ukuta wenye rangi hurudi ukiwa na rangi hiyo na vioo huonyesha hata vitu vilivyo nyuma ya mchezaji. Hakuna konsoli inayofika hapo. Lakini kadi ya kuitendea haki hali hiyo haikuwa ya dola 299: RTX 4090 ilizinduliwa Oktoba 2022 kwa dola 1,599, na RTX 5090 ikaja Januari 2025 kwa dola 1,999, kadi peke yake, bila kompyuta ya kuichomeka.

Katikati ya ncha hizo mbili kuna teknolojia za kukuza picha. DLSS ya Nvidia, iliyoanza na kadi za RTX mwaka 2018, huchora pikseli chache na kuitumia mitandao ya neva kukisia zilizobaki, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kuu ya mtu wa bajeti ya kati kuchagua kadi ya Nvidia. Gemu nyingi za konsoli zilitegemea FSR ya AMD, ambayo katika matoleo yake ya awali huacha mitetemo kwenye majani, nywele na nyaya. Sony, mtengenezaji wa PS5, ilijaribu kuziba pengo hilo kwa PS5 Pro ya Novemba 2024, yenye terafulopu 16.7 na mfumo wake wa kukuza picha uitwao PSSR, kwa bei ya dola 699 bila kisomeo cha diski. Kwa bei hiyo mtu ameshaingia katika eneo la kompyuta ya kati, na mimi singeinunua isipokuwa ninayo tayari televisheni ya 4K ya inchi 55 au zaidi.

Bei ya siku ya kwanza

Kuna sababu konsoli ilianza kwa bei ambayo kompyuta haikuweza kuifikia. Mtengenezaji wa konsoli hukubali faida ndogo au hata hasara kwenye mashine, akitarajia kuirudisha kupitia gemu na michango ya uanachama. Sony yenyewe ilisema mwaka 2021 kwamba PS5 ya dola 499 ilikuwa imeacha kuuzwa kwa hasara. Muuza kadi za picha hana gemu za kurudishia, kwa hiyo faida yake yote huipata siku ile unapolipa.

Pengo hilo limepungua. Zamani konsoli ilishuka bei kadiri ilivyozeeka, lakini kizazi hiki kimekwenda kinyume. Agosti 2025 PS5 ya diski nchini Marekani ilipandishwa hadi dola 549 na PS5 Pro hadi dola 749, na kufikia Oktoba mwaka huo Xbox Series X ilikuwa imefika dola 649 na Series S dola 399. Kompyuta nayo haikusalimika, maana mwishoni mwa 2025 bei za RAM (kumbukumbu ya kompyuta) zilipanda kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vilikuwa vikigombania chipu zilezile. Kompyuta mpya yenye kadi ya daraja la RTX 5060, kichakataji cha kokwa 6, RAM ya gigabaiti 16 na SSD ya terabaiti moja ilifika mwaka 2025 kati ya dola 700 na 800 hivi kabla ya monita, kibodi, kipanya, na mara nyingi UPS. Aliye na televisheni na hana chochote kati ya hivyo asivisahau katika hesabu yake.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki ana jambo la ziada la kupima. Katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta huingia kwa ushuru wa asilimia 0, ilhali konsoli kimataifa huwekwa katika sura ya 95, ile ya vitu vya kuchezea na vifaa vya michezo. Anayeagiza kupitia wakala kutoka Dubai au Uingereza na aulize hesabu nzima, kodi zikiwemo, kabla ya kulinganisha bei alizoziona mtandaoni.

Halafu kuna njia ya mitumba, ambayo kwa wengi ndiyo njia halisi. Kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, hupatikana kwa bei nafuu, na watu huziongezea kadi ya picha. Mimi nilifanya hivyo, na kosa langu lilikuwa kutofungua kasha kabla ya kulipa: kisambaza umeme kilikuwa kidogo, hakikuwa na waya wa ziada wa kadi, na kasha lilikuwa jembamba kiasi kwamba kadi niliyokuwa nimekwishanunua haikuingia. Kwa mashine kama hizo kadi inayofaa ni ile inayopata umeme wake wote kupitia tundu la ubao mama, yaani isiyozidi wati 75, kama GTX 1650 yenye gigabaiti 4 au RTX 3050 ya gigabaiti 6, na ikiwa kasha ni jembamba, iwe ya kimo kifupi. GTX 1650 kwa nguvu inakaa kati ya PS4 ya kawaida na Xbox Series S. Itacheza eFootball, GTA V na gemu nyingi za kabla ya 2020 vizuri kwenye 1080p, lakini gemu mpya nzito itazikataa. Kadi kubwa zilizotumika nazo zipo kwa wingi, hasa baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha kuchimbwa, yaani kuzalishwa, kwa kadi za picha Septemba 2022; kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila usiinunue bila kuiona ikichezesha gemu nzito kwa nusu saa.

Kuhusu kompyuta za mpakato nitasema moja tu: jina la kadi halitoshi. RTX 4060 ya mpakato inaweza kuwekewa kikomo cha wati 35 katika mashine moja na wati 115 katika nyingine, na tofauti ya fremu ni kubwa.

Gharama zinazofuata

Anayecheza gemu za kulipia mtandaoni kwenye PS5, kama EA Sports FC, lazima awe na uanachama wa PlayStation Plus, ambayo daraja lake la chini nchini Marekani liligharimu dola 79.99 kwa mwaka kuanzia Septemba 2023. Miaka mitano ya ada hiyo ni dola 400, yaani bei ya PS5 isiyo na diski ilipozinduliwa. Gemu za bure kama Fortnite na eFootball hazidai uanachama huo, na kwenye kompyuta kucheza mtandaoni hakuna ada ya namna hiyo. Aidha, Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hupunguza bei kwa msimu, na duka la Epic hutoa gemu ya bure kila wiki, wakati gemu kubwa mpya za konsoli zilihamia dola 70 tangu 2020. Mchezaji anayenunua gemu sita kwa mwaka na kucheza mtandaoni hurudisha tofauti ya bei ya kompyuta katika miaka mitatu au minne. Anayenunua FC moja kwa mwaka na kuicheza na marafiki sebuleni hatairudisha kamwe.

Akaunti pia ni suala. Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo nchi inayohudumiwa rasmi na PlayStation Network, huduma ya Sony ya akaunti na duka. Wachezaji wa Kenya na Tanzania hufungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kununua kadi za zawadi za huko, ilhali mwenzao aliye Muscat ana duka la nchi yake. Mei 2024 gemu ya Helldivers 2 iliondolewa kuuzwa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, baada ya Sony kutaka wachezaji wa kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation. Sharti liliondolewa baada ya malalamiko, lakini tukio lilionyesha kwamba kuhamia kompyuta hakumtoi mtu kabisa mikononi mwa mwenye gemu.

Bando ndilo ambalo wauzaji hawalitaji. Kompyuta ya leo haina kisomeo cha diski, hivyo gemu yenye gigabaiti 100, nazo ni nyingi siku hizi, lazima ishushwe yote. Mwenye faiba isiyo na kikomo hatajali. Anayetumia bando la simu atalipa sehemu kubwa ya bei ya gemu kwa mara ya pili. PS5 ya diski husoma sehemu kubwa ya gemu kutoka kwenye diski, ingawa marekebisho bado hushushwa, na diski hiyo inaweza kuazimwa, kubadilishwa na jirani au kuuzwa gemu ikishachosha. Kwa maoni yangu, nje ya miji yenye faiba, tofauti ya bei kati ya PS5 ya diski na ile isiyo nayo hujilipa kabla ya mwaka kwisha.

Umeme ni gharama ndogo kuliko watu wanavyohofia. PS5 hutumia wati zipatazo 200 katika gemu nzito, na kompyuta ya daraja la kati, pamoja na monita yake, inaweza kufika wati 350. Kwa saa 3 kila siku kwa siku 30, PS5 itatumia yuniti 18, na kompyuta yuniti 31.5. Kwa bei ya LUKU, umeme wa malipo ya awali wa Tanzania, ya shilingi 356 kwa yuniti, hizo ni shilingi 6,408 dhidi ya 11,214 kwa mwezi. RTX 5090 yenye kikomo cha wati 575 iko katika hesabu nyingine kabisa. Hatari kubwa zaidi ni kukatika na kurudi kwa umeme kwa kishindo, na dhidi ya hilo mashine zote mbili zinahitaji kilinzi.

Zikiharibika, kompyuta humrahisishia fundi: kisambaza umeme, RAM au feni hubadilishwa kwa dakika chache kwa kifaa cha kawaida kutoka duka lolote. PS5 ina metali ya kimiminika kati ya chipu na kipoza joto, na fundi asiyeijua anaweza kuharibu ubao mzima wakati akisafisha vumbi. Anayeishi pwani, penye chumvi hewani, asafishe matundu ya nje mara kwa mara na aache ndani kwa anayejua kazi hiyo.

Imebaki hesabu ya muda. GTA V ilitoka kwa konsoli Septemba 2013 na kwa kompyuta Aprili 2015. Red Dead Redemption 2 ilitoka Oktoba 2018 kwa konsoli na Novemba 2019 kwa kompyuta. GTA VI nayo imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S, bila toleo la kompyuta katika tangazo hilo. Anayenunua mashine kwa ajili ya gemu hiyo tu aende moja kwa moja kwenye PS5 ya diski, na aikague ikisoma diski palepale dukani.